Sumu inayopita mlango wa chakula

Sahani ile ilikuwa imefunikwa na utando mwembamba wenye rangi ya maziwa yaliyochanganywa na maji, kutoka ukingo hadi ukingo, isipokuwa katikati. Katikati kulikuwa na duara safi, upana wake kama kifungo cha koti, ambamo hapakuota kitu. Nilipoinua sahani kuelekea dirishani niliweza kusoma ndani ya duara hilo mwandiko wangu mwenyewe, herufi nilizoandika upande wa chini kwa kalamu ya wino mzito. Nje ya duara mwandiko ulipotelea nyuma ya ukungu wa bakteria.

Nilikuwa mwanafunzi, na zoezi lilikuwa la siku tatu. Siku ya kwanza unachota bakteria wa aina moja kwa ncha ya sindano, unawachoma katikati ya agari, ile rojo iliyoganda ya kuoteshea bakteria, unawaacha wakue. Siku ya pili unawaua kwa mvuke wa klorofomu, ambayo harufu yake tamu inakwama kooni, kisha juu yao unamwaga agari laini iliyochanganywa na bakteria wa aina ya pili. Siku ya tatu unakuja kuangalia. Wale wa kwanza wameshakufa, lakini kitu walichokitoa kimeenea kwenye agari, na kinaendelea kuua wageni waliowekwa juu ya kaburi lao.

Nilidhani nimeona jambo la kawaida: kiumbe wa aina moja anamtilia sumu kiumbe wa aina nyingine kabisa, kama ukungu wa penisilini unavyoua bakteria. Mwalimu akaichukua sahani, akaigeuza kwenye mwanga, akasema, "Wote wawili ni E. coli, bakteria wa utumboni. Hawa ni ndugu." Akarudisha sahani akaenda meza nyingine. Neno hilo, ndugu, ndilo lililonifanya nibaki maabara jioni ile, na kwa kweli ndilo ninaloandikia hapa.

Ndani ya duara safi kulikuwa pia na vidoa viwili, vidogo kama punje za chumvi. Nilidhani ni uchafu nilioingiza kwa mikono yangu. Nitavirudia.

Aliyeliona jambo hili kwanza na kuliandika ni André Gratia, mtafiti wa Ubelgiji, mwaka 1925. Aligundua kwamba majimaji ambamo E. coli wa aina moja wameoteshwa yanawazuia E. coli wa aina nyingine wasikue, hata majimaji hayo yakizimuliwa mara nyingi. Miaka mitatu baadaye Alexander Fleming akauona ukungu wake, na penisilini ilipokuja kuwa dawa, kazi ya Gratia ilibaki kivulini. Sumu za E. coli zikaitwa kolisini. Mwaka 1953 François Jacob na wenzake wakaleta jina pana zaidi, bakteriosini, kwa sababu ilishajulikana kuwa E. coli hayuko peke yake. Ukitafuta kwa bidii, karibu kila ukoo wa bakteria utaukuta una silaha ya namna hii, na mara nyingi silaha hiyo imeelekezwa nyumbani.

Kwa nini nyumbani? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa bakteria usemi huo ni maelezo kamili ya hali yao. Fikiria utumbo, au kipande cha udongo, au uso wa jani. Mahali hapo pana mamia ya aina za bakteria, na wengi wao hawana ugomvi wowote. Mmoja anakula sukari ya aina hii, mwingine anakula mabaki ya yule wa kwanza, wa tatu anaishi pasipo na hewa. Wanapishana. Lakini ndugu yako wa karibu ana vimeng'enya vile vile ulivyo navyo. Anatafuta sukari ile ile, chuma kile kile, anashikamana na ukuta ule ule. Charles Darwin aliandika mwaka 1859 kwamba mapambano ya kuishi huwa makali zaidi kati ya viumbe wa spishi moja, kwa kuwa wanakaa mahali pamoja, wanahitaji chakula kimoja na wanakabiliwa na hatari zile zile. Alikuwa akifikiria mimea na wanyama. Bakteria wamelifikisha wazo hilo mahali ambapo, nadhani, yeye mwenyewe angelishangaa, maana wamejenga silaha ambazo haziwezi kumuua mtu mwingine yeyote isipokuwa ndugu.

Namna silaha hizo zinavyofanya kazi ndiyo sehemu inayonikosesha usingizi, kwa hiyo niruhusu nikae hapa kidogo.

Chukua kolisini E9, mojawapo ya zile zilizochunguzwa kwa undani zaidi. Ni protini ndefu, yenye asidi amino zaidi ya 500, nayo ina sehemu tatu. Ya katikati inajua kushika. Ya mbele inajua kupenya. Ya nyuma ndiyo inayoua. Sasa E. coli ana utando wa nje na utando wa ndani, na ule wa nje haupitishi ovyo vitu vikubwa. Lakini ana mahitaji. Hutumia vitamini B12, ambayo hana uwezo wa kuiunda tangu mwanzo, kwa hiyo ameweka kwenye utando wa nje mlango maalumu wa kuipokea, protini iitwayo BtuB. Kolisini E9 inaukamata mlango huo huo.

Hapo imetia nanga, bado iko nje. Mkia wake wa mbele haukukunjika kama protini nyingi zinavyokunjika. Unaning'inia kama uzi, ukipapasa huku na huku juu ya utando hadi ukute tundu la pili. Tundu hilo ni OmpF, ambalo E. coli hulitumia kuingizia virutubisho vidogo vidogo vilivyoyeyuka. Ni jembamba mno kwa protini iliyokunjika. Kwa uzi linatosha. Mkia unapenya kama uzi kwenye tundu la sindano, na ncha yake ikitokeza upande wa ndani inanasa protini iitwayo TolB. Protini hiyo ni sehemu ya mtambo wa bakteria mwenyewe, mtambo unaotumia nishati ya utando wa ndani kuuweka utando wa nje sawasawa, hasa seli inapogawanyika. Ikishanaswa TolB, mtambo huo unaivuta kolisini ndani. Anayeuawa ndiye anayetoa nguvu za kumwingiza muuaji wake.

Sehemu ya nyuma ikishafika ndani kabisa ya seli, inakatakata DNA. Biashara imekwisha.

Kolisini nyingine huingia kwa njia zinazofanana na hizi lakini huua kwa namna tofauti. Kolisini E1 na Ia hutoboa utando wa ndani, chaji zikavuja, na seli ikaishiwa nishati kama betri iliyounganishwa vibaya. Kolisini M huzuia ujenzi wa ukuta wa seli. Ile inayonigusa zaidi ni E3. Mwaka 1971, kazi iliyofanywa katika maabara ya Masayasu Nomura huko Marekani ilionyesha kwamba E3 hukata RNA ya ribosomu, yaani kiwanda cha protini cha seli, mahali pamoja tu. Uzi huo wa RNA una herufi zaidi ya 1,500, na E3 inaukata kati ya ile ya 1,493 na ile ya 1,494, pale pale ambapo ribosomu husomea ujumbe wa jeni. Mkato mmoja, na kiwanda kinasimama. Hesabu za maabara kwa muda mrefu zimeonyesha kwamba molekuli moja ya kolisini, ikifanikiwa kuingia, inaweza kutosha kuua seli nzima.

Sasa utaona kwa nini bakteria wa ukoo wa mbali hana wasiwasi. Yeye ana milango ya umbo jingine. Kolisini inapita juu yake bila kupata pa kushika. Watu wengi hueleza ufinyu huu wa silaha kama upungufu, kana kwamba E. coli alijaribu kutengeneza dawa kali akashindwa kuifikisha mbali. Mimi siafiki. Silaha imepita kwenye mlango wa chakula kwa sababu huo ndio mlango ambao mpinzani hawezi kuufunga bila kujinyima, na anayekula kupitia mlango kama wangu ndiye anayenipunguzia riziki. Kushindania chakula na kufikiwa na sumu ni kitu kimoja.

Mfano ulionithibitishia wazo hili unatoka kwa bakteria anayeozesha mimea, Pectobacterium. Huyu anapoivunja seli ya mmea hukuta humo protini yenye chuma, ferredoksini, ambayo mmea huitumia katika usanisinuru. Chuma ni adimu, kwa hiyo Pectobacterium ana mlango wa kuipokea ferredoksini yenyewe na kujipatia chuma chake. Baadhi ya bakteria wa ukoo huo wametengeneza bakteriosini ziitwazo pektosini, na sehemu ya kushika ya pektosini M1 na M2 imeundwa kama ferredoksini ya mmea. Yaani sumu imevikwa umbo la chakula. Anayeipokea anadhani anakula. Mvuvi anaifahamu kazi hii, inaitwa chambo.

Sumu ya namna hii ina tatizo la wazi kwa anayeitengeneza: naye ni wa ukoo ule ule, ana milango ile ile. Ndiyo maana jeni ya kolisini haikai peke yake. Pembeni yake kuna jeni ya protini ya kinga. Ya E9 inaitwa Im9, ina asidi amino 86, na inaishika sehemu ya kuua ya E9 kwa nguvu ambayo ni miongoni mwa zile kubwa zaidi zilizowahi kupimwa kati ya protini na protini. Kolisini huzaliwa ikiwa imefungwa mdomo, na hutoka hivyo. Mdomo hufunguliwa tu inapoingia kwa mpinzani, Im9 ikabanduka na kubaki nje. Na kinga hizi zina ubaguzi wake: anayebeba kinga ya E9 hana utetezi mbele ya E3.

Kutoka nje ndiko kunakouma. Bakteria wengi wana mabomba ya kutolea protini, lakini kwa kolisini nyingi za ukoo wa E hakuna bomba. Karibu na jeni ya sumu na jeni ya kinga kuna jeni ya tatu, ya protini inayoharibu utando wa mtengenezaji mwenyewe. Seli inajaza kolisini, kisha inapasuka. Hakuna anayetengeneza kolisini hizi kwa wingi akabaki hai kuuona ushindi.

Kwa hiyo hawatengenezi wote. Katika kundi lililotulia ni seli chache tu zinazochukua hatua hiyo, na kinachozisukuma mara nyingi ni msiba wao wenyewe. DNA ya seli ikiharibika, kwa mfano kwa mionzi ya urujuanimno, kengele ya dharura inalia: kizuizi kiitwacho LexA kinavunjwa, jeni za ukarabati zinawashwa, na pamoja nazo jeni za kolisini. Seli ambayo huenda ingekufa hata hivyo inatumia muda uliosalia kuwasafishia wenzake eneo. Mara ya kwanza niliposoma habari hii nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea. Sijui kama ni haki kuiita kujitoa mhanga, maana bakteria hana nia. Lakini hesabu yake ni ile ile: mmoja anapotea, walio na kinga kama yake wanapata nafasi na chakula.

Na hapo ndipo neno la mwalimu wangu lilipoanza kunibadilikia. Ndugu ni nani? Jeni za kolisini mara nyingi hazikai kwenye kromosomu kuu. Zinakaa kwenye plasmidi, pete ndogo ya DNA inayojinakili yenyewe. Plasmidi ya kolisini E1, iitwayo ColE1, ina jozi za herufi chini ya 7,000, wakati kromosomu ya E. coli ina zaidi ya milioni 4. Seli mbili zinaweza kuwa sawa katika mamilioni hayo yote, na bado moja ikamuua mwenzake kwa sababu hana pete ile. Tena seli ikigawanyika na mtoto mmoja akaikosa plasmidi, amekosa pia kinga, na sumu ya wenzake inamkuta bila ngao. Plasmidi haiachi watoro. Undugu unaoheshimiwa hapa umeandikwa kwenye kipande ambacho ni chini ya sehemu moja katika mia tano ya DNA yote. (Wanaofanya uhandisi jeni watalitambua jina hili. Plasmidi pBR322, iliyoelezwa mwaka 1977 na kutumika duniani kote kubebea jeni, inajinakili kwa mfumo wa jamaa ya karibu sana ya ColE1. Chombo cha vita kiligeuka mkokoteni wa maabara.)

Kuna wengine wanaopigana kwa vifaa vizito zaidi. Pseudomonas aeruginosa, anayewasumbua sana wagonjwa wenye vidonda vya moto na wenye mapafu dhaifu, ana pyosini za aina kadhaa, na zile za aina R zinafanana na mkia wa virusi wanaoshambulia bakteria. Ni mkia bila kichwa na bila DNA, bomba lenye ala inayojikunja kwa ghafla na kuusukuma mkuki kupitia utando wa mpinzani. Inaonekana bakteria aliteka silaha ya adui wa zamani akaielekeza kwa jamaa zake.

Ukiyasikia haya yote unaweza kudhani mshindi ni yule mwenye sumu, na baada ya muda wote watakuwa na sumu. Haiwi hivyo. Mwaka 2002 Benjamin Kerr, Margaret Riley na wenzao walichapisha jaribio ninalolipenda kwa usahili wake. Walichukua E. coli wa aina tatu: anayetengeneza kolisini, asiyeweza kuhimili kolisini, na mwenye usugu dhidi yake. Mtengenezaji anamuua asiyehimili. Mwenye usugu anamshinda mtengenezaji, kwa sababu sumu haimgusi na habebi gharama ya kuitengeneza. Lakini asiyehimili anamshinda mwenye usugu kwa kukua haraka zaidi, kwa sababu usugu una bei yake. Ni mzunguko usio na mfalme.

Walipowaweka kwenye chupa inayotikiswa, kila mmoja akikutana na kila mmoja, mzunguko ulivunjika na akabaki mwenye usugu peke yake. Walipowaotesha juu ya agari iliyotulia, ambapo jirani ni jirani yako wa kweli na sumu haifiki mbali, wote watatu waliendelea kuwepo, mipaka yao ikisogea huku na huku kama maeneo ya malisho. Kwa mimi hilo ndilo somo kubwa la ekolojia: sumu ile ile inafuta aina mbili kwenye chupa na kuzihifadhi zote tatu kwenye sahani. Mahali ndipo panapoamua.

Watu huniuliza kama haya yatatupa dawa. Natamani yatupe, na natamani kwa sababu maalumu. Antibayotiki tulizozizoea nyingi hufyeka. Unameza kidonge kwa ajili ya bakteria mmoja aliye kwenye kibofu, na utumboni wanakufa bakteria wa aina nyingi ambao hawakukukosea. Silaha inayomjua mtu kwa mlango wake ingeacha wengine salama. Kuna dalili za kutia moyo. E. coli Nissle, aliyepewa jina la daktari Alfred Nissle wa Ujerumani aliyemtenga mwaka 1917 na ambaye hadi leo hutumika kama bakteria rafiki, hutoa bakteriosini ndogo ziitwazo maikrosini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika utumbo wa panya uliovimba, maikrosini hizo humsaidia kuwadhibiti jamaa zake, akiwemo Salmonella. Nisini, ya Lactococcus lactis, ina miongo mingi ikihifadhi jibini na vyakula vingine, ingawa yenyewe ina shabaha pana kuliko kolisini.

Lakini sipendi kuahidi nisichonacho. Bakteriosini ni protini, na tumbo limeumbwa kumeng'enya protini. Silaha finyu pia inamtaka daktari amjue adui kwa jina kabla ya kupiga, si kukisia. Na usugu upo, tena upo karibu sana. Niliuona siku ile ile nilipoliona duara, bila kuutambua.

Vile vidoa viwili havikuwa uchafu. Mwalimu aliporudi mezani kwangu alinionyesha kwamba vilikuwa na rangi na umbo la utando uliozunguka duara, akaniambia nivichukue kila kimoja kwa kijiti chake na kuviotesha upya mbele ya kolisini ile ile. Vyote viwili viliota hadi ukingoni mwa sumu kana kwamba haipo. Kulikuwa na njia mbili za kuokoka, alisema. Unaweza kuharibu mlango wa B12, sumu isipate pa kutia nanga. Au unaweza kuharibu mtambo wa Tol, sumu ikatia nanga lakini pasiwe na wa kuivuta. Anayechagua njia ya pili anaokoka akiwa na utando wa nje unaovuja, na E. coli anaishi utumboni, ambako nyongo haimkosi.

Tukachukua sahani yenye chumvi za nyongo, tukagawa upande wa chini kwa mstari wa kalamu, kidoa cha kwanza kushoto, cha pili kulia. Asubuhi kushoto kulikuwa na msururu wa makoloni manene yenye rangi ya waridi. Kulia kulikuwa na agari tupu, na alama ya kijiti nilipopitisha mkono.